Hilux LN106: usukani unatetemeka ukifika 70, tuanze na kitu gani mbele?

Mtu_wa_Sikonge
Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Gari ni Hilux LN106 dabo kebini, injini 3L, lile lenye ekseli nzima na springi za majani mbele. Dalili ziko nne. Ukifika 70 hivi ukapita kwenye kishimo, usukani unaanza kupiga kushoto kulia na hautulii mpaka ushuke chini ya 40. Pili, ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, na njia ikinyooka unakuwa kama unanasa katikati. Ukiusukuma kidogo unaruka. Tatu, nyuma ya tairi la kushoto kuna uji mweusi unatiririka mpaka kwenye rimu. Nne, ukikanyaga breki kuna mlio wa "ko" chini ya miguu.

Fundi amesema tununue shokapu ya stelingi (ile ya kutuliza mitikisiko ya usukani) na tairodi endi zote (viungo vya ncha za rodi zinazogeuza matairi). Ndiyo pa kuanzia? Naomba na idadi ya vitu, maana duka la spea liko mbali, sitaki safari tatu.

Fundi_Ekseli
Mkuu, shokapu ya stelingi iache kwanza. Ukiifunga mpya kwenye mbele iliyochoka utapata utulivu wa wiki mbili tatu, halafu ugonjwa unarudi na shokapu yenyewe imeshakufa.

Dalili yako ya pili ndiyo imenifanya niandike. Gari hili halina boli jointi. Nako, yaani kile kipande kinachobeba spindo (ekseli fupi inayokaa habu) na kugeuka na tairi, kinashikwa na beringi mbili ndogo za koni, moja juu na moja chini, ndizo mafundi wengi wanaziita beringi za kingpini. Beringi hizi hazizunguki kama za habu. Muda mwingi wa maisha yake zimekaa palepale, gari likiwa limenyooka, na kila kishimo kinagongesha roli zilezile kwenye sehemu zilezile za kikombe. Mwisho zinachimba vijifereji. Usukani ukifika katikati roli zinadumbukia humo, ndiko huko kunasa. Ukizitoa utaviona kwa macho, mistari midogo imejipanga kama meno ya kitana.

Ila usininukuu bila kupima. Pima hivi, hufungui nati hata moja:

Weka mawe matairi ya nyuma, piga jeki chini ya ekseli mpaka tairi la kushoto liachie ardhi, weka stendi. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na ashikilie, kisha rudia. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu, kwa sababu breki imeifunga disiki na nako pamoja. Mchezo ukibaki, ni kingpini. Jaribio hili moja linaokoa hela nyingi kuliko yote, na ajabu ni kwamba gereji nyingi hazilifanyi.

Halafu shika tairi kushoto na kulia. Mchezo hapa ni wa tairodi au ile rodi inayotoka kwenye stelingi boksi. Mwisho shusha gari, mtu mmoja achezeshe usukani kidogo kidogo bila kugeuza matairi, wewe lala chini na uweke kiganja juu ya kila kiungo. Kiungo kibovu kinaonekana kwa mkono kabla ya jicho. Angalia pia kama boksi yenyewe inasogea kwenye chasi. Ikisogea, bolti zimelegea au chasi imepasuka pale inapofungwa.

Rodi_Ndefu
Naongezea: kabla ya yote hamisha matairi ya mbele yaende nyuma, ujaribu. Tairi lililovimba au lisilo na balansi linaweza kuanzisha mtetemeko wote huo. Ikiwa mtetemeko umepungua sana, tairi lina mchango wake. Lakini kunasa katikati hakuletwi na tairi.

Mtu_wa_Sikonge
Nimepima leo. Kushoto: juu na chini linacheza, breki ikikanyagwa linaendelea kucheza karibu vilevile. Kulia mchezo ni mdogo, breki ikikanyagwa unaisha. Tairodi endi zote nne za rodi hazina mchezo. Boksi haisogei. Nimetia mtaimbo kati ya springi na shekeli (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasi): mpira wa bushi umetoka nje kama ulimi, na pini ya shekeli ya kushoto inaonekana imeliwa upande mmoja. Kuhamisha matairi hakujabadilisha kitu.

Fundi_Ekseli
Basi hela ya tairodi endi imepona. Una kazi tatu: kingpini pande zote mbili (usifanye upande mmoja, utavuta), beringi za habu kulia zifungwe upya, na bushi za springi na shekeli.

Ule uji mweusi ni kitu cha nne. Ndani ya tufe la ekseli (kile kichwa cha duara ambacho nako inakizunguka) kuna oilsili inayotenganisha oili ya difu na grisi ya sivi jointi (kiungo cha shafti kinachokunja tairi likigeuka). Ikikatika, oili inaingia kwenye grisi, grisi inakuwa uji, uji unapita kwenye mipira ya nyuma ya nako. Kwa kuwa unafungua nako, badilisha zote mbili. Na kabla ya kulaumu oilsili, angalia briza (kitundu cha kupumulia) ya ekseli ya mbele: kikofia kikiziba kwa tope, difu likipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye oilsili. Oilsili mpya na briza iliyoziba ni hasara ya mwezi mmoja.

Vitu vya kununua kwa mbele nzima:

Beringi za kingpini 4 pamoja na vikombe vyake. Seti za mipira ya nyuma ya nako 2. Kila seti ina mpira, kitambaa kizito na pete ya chuma, usikubali kuuziwa mpira peke yake. Oilsili za ndani 2. Oilsili za habu 2. Gasketi za spindo 2 na za habu 2. Washa za kufungia nati ya habu 2, zile zinazokunjwa, kwa kuwa za zamani zikishakunjwa mara mbili zinakatika. Kotapini za tairodi. Grisi ya kustahimili moto kilo 1 kwa beringi, na grisi nyeusi yenye molibdeni kilo 2 kwa sivi jointi. Oili ya gia lita 3. Difu la mbele halimalizi lita 3 lakini utamwaga kidogo. Bushi za springi nusunusu 12: matundu matatu kila upande (jicho la pini, jicho la shekeli, na tundu la chasi), kila tundu nusu mbili. Pini za shekeli kwa upande ulioliwa. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) 4 na nati zake 8.

Vifaa ambavyo watu husahau: soketi ya 54 ya nati ya habu. Usitumie patasi na nyundo, unaharibu nati na uzi wa spindo, na hutaweza kuweka kipimo sahihi. Koleo la sakili (pete ya chuma inayoshika ncha ya shafti). Kipande cha shaba cha kugongea. Mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki.

Dada_Beringi
Nauza spea, naomba niingilie hapo kwenye beringi. Toa ya zamani kwanza, isafishe na mafuta ya taa, soma namba iliyochongwa kwenye ukingo, ndipo uje dukani. Koyo, NSK na NTN zote zinatoa saizi hizi na zote zinafaa. Usinunue kwa boksi; fungua, namba ya kwenye chuma ilingane na ya kwenye boksi, na maandishi yawe yamechongwa safi, si ya wino wa kufutika kwa kidole chenye petroli. Zungusha roli kwa kidole zikiwa kavu: ikikwaruza dukani, itakwaruza barabarani.

Oilsili nayo ije na ya zamani. Kuna zinazofanana kipenyo cha nje zikapishana upana au tundu la ndani kwa milimita moja, na hiyo milimita ndiyo uji wenyewe. Walioko Dar wakazunguke Gerezani na Kariakoo, wa Nairobi wapo Kirinyaga Road. Ila popote ulipo, hesabu bushi mwenyewe mezani. Seti nyingine zimefungwa 6, muuzaji anakwambia "ni kamili", kumbe ni upande mmoja.

Mtu_wa_Sikonge
Asante dada. Kuna jamaa kaniambia ndani kuna vishimu, yaani vibati vyembamba, ukitoa kimoja beringi za zamani zinakaza na mchezo unaisha, hakuna haja ya kununua. Ni kweli?

Fundi_Ekseli
Mchezo utaisha, ndiyo. Lakini vijifereji vimebaki palepale, na sasa roli zinakandamizwa ndani yake kwa nguvu zaidi. Usukani utanasa kuliko mwanzo. Shimu ni za kupimia beringi mpya au nzima, si dawa ya beringi iliyoliwa.

Sasa kazi yenyewe, upande mmoja. Nitaandika zaidi pale watu wanapoharibu.

Legeza nati za tairi, jeki, stendi chini ya ekseli. Toa tairi, toa kalipa bila kufungua paipu ya breki, itundike kwa waya kwenye springi. Fungua kifuniko cha fowili ya habu (ile inayounganisha tairi na shafti), toa sakili kwenye ncha ya shafti, kisha nati 6 za mwili wa habu. Chini ya nati hizo kuna washa za koni zilizobana kwenye stadi. Usizichokonoe na bisibisi. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya stadi, gonga pembeni ya mwili wa habu kwa shaba, koni zitaruka zenyewe. Nyoosha washa ya kufungia, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, habu inatoka na disiki yake.

Spindo imefungwa kwa bolti 8. Ikigoma, igonge taratibu kwa shaba ukizunguka, usiipige ncha ya uzi. Vuta shafti na sivi jointi yake. Vuta moja kwa moja ukiwa umeibeba kwa mkono wa chini. Ikining'inia inalalia oilsili na kuikata. Oili itatoka, weka karai.

Tairodi: toa kotapini na nati, kisha usigonge uzi. Gonga ubavu wa jicho la am (mkono wa nako unaoshikwa na tairodi) kwa nyundo mbili, moja imeegemea upande huu nyingine inapiga upande wa pili. Mshtuko unaachia koni. Baada ya hapo fungua pete za mipira nyuma ya nako, zina bolti ndogo 8.

Sasa nati za am ya nako na za kifuniko cha beringi. Hapa tena utakutana na washa za koni, dawa ni ileile. Ukitoa am na kifuniko, shika shimu zake kama hati ya kiwanja. Za juu funga kwa waya uandike "juu kushoto", za chini vivyo hivyo. Unene wake juu na chini ndio unaoweka nako katikati ya tufe. Ukizichanganya nako inakaa juu kidogo au chini kidogo, mipira inabana upande mmoja na kuacha mwanya upande mwingine, na uji unarudi ukiwa na beringi mpya kabisa.

Vikombe vya zamani vipo kwenye tufe. Vigonge kwa shaba ukibadilisha upande kila pigo, vitoke vimenyooka. Vipya viingize vivyo hivyo, na usikilize: mlio wa kugonga unabadilika kuwa mzito kikombe kikifika chini. Kisipofika chini, kipimo utakachoweka kitalegea baada ya siku chache.

Safisha uso wa tufe kwa msasa laini na mafuta ya taa. Ukikuta kutu imechimba mashimo pale mipira inapopita, mipira mipya italiwa mapema.

Rodi_Ndefu
Oilsili ya ndani ndiyo inayorudisha watu gereji: upande wenye springi ndogo unaangalia oili, yaani unaangalia difu. Paka grisi kwenye mdomo wake kabla ya shafti kuingia. Na mipira ya nyuma ya nako lazima uivishe kwenye tufe kabla ya kurudisha nako. Ukishafunga ndipo ukakumbuka, unaanza upya.

Mtu_wa_Sikonge
Na mizani ya samaki inaingiaje hapo?

Fundi_Ekseli
Beringi za kingpini hazifungwi kwa kuhisi. Paka beringi grisi, rudisha nako na shimu zake zote mahali pake, am na kifuniko, nati ukaze Nm 96 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Shafti isiwepo, spindo isiwepo, mipira ya nyuma iwe imelegea isishike. Sasa tia ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi, vuta kwa pembe mraba na am, na usome nako ikiwa inatembea. Ule uzito wa kuianzisha usiuhesabu, huwa mkubwa zaidi.

Unatafuta kilo 3 mpaka 6. Chini ya hapo, toa shimu nyembamba. Juu ya hapo, ongeza. Ukitoa au kuongeza, gawa juu na chini ili nako ibaki katikati. Ekseli na nako zikiwa zilezile za gari, mara nyingi shimu za zamani na beringi mpya zinakupa kipimo bila kugusa kitu.

Ikiridhisha, jaza sivi jointi grisi ya molibdeni kwa kuisukuma kwa kidole mpaka itokee upande wa pili, na nafasi ya ndani ya nako ijae robo tatu. Usijaze yote, grisi ikipata moto inavimba na kutafuta njia. Kama kengele ya sivi ina pande bapa, ziweke juu na chini ndipo ipite.

Habu: beringi zipakwe kwa kiganja, grisi ipenye mpaka itokeze juu ya roli. Nati ya ndani kaza Nm 59 huku unazungusha habu, igeuze mara kadhaa huku na huku, legeza kabisa, kisha kaza kwa mkono kwa soketi bila mpini. Tia mizani kwenye stadi ya tairi: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.6. Washa, nati ya nje Nm 47, pima tena kwa sababu nati ya nje husogeza ya ndani, kisha kunja washa kwa nati zote mbili.

Kamau_wa_Springi
Wakuu, salamu kutoka upande wa Kenya. Mmeongea nako vizuri, springi mmezipita mbio. Ule mlio wa "ko" kwenye breki uko huko.

Kabla hujafungua, pima kutoka katikati ya habu mpaka alama moja kwenye chasi, kushoto na kulia. Zikitofautiana, senta bolti ya springi (inayoshika majani pamoja) imekatika na ekseli imeteleza. Bushi mpya hazitarekebisha hilo.

Bushi zinabadilishwa stendi zikiwa chini ya chasi na jeki ikiwa chini ya ekseli, ili uweze kupandisha na kushusha mpaka pini ipite bila kugongwa. Pini ikikataa usiipige. Springi bado ina mvuto, sogeza jeki sentimita moja tu. Tundu la chasi lisugue kutu yote, bushi mpya ikiingia kwenye kutu inakatika ukingo siku hiyohiyo. Maji ya sabuni yanatosha kuilainisha. Grisi ya kawaida inaozesha mpira.

Pini iliyoliwa upande mmoja ni ya kutupa hata kama bushi ni mpya, maana mpira utaifuata shepu yake ndani ya mwezi.

Na hili ndilo watu wengi hulikosea: nati za shekeli na pini zishike kidogo tu gari likiwa juu. Shusha gari, matairi yakae chini, litikise mara tatu nne, ndipo ukaze kwa Nm 91. Ukikaza gari likiwa limening'inia, mpira unashikwa ukiwa umejikunja, gari likishuka unabaki umesokotwa muda wote na kupasuka.

Rodi_Ndefu
Vipi zile bushi ngumu za rangi, za poliyurethani? Hazivimbi kwa oili.

Kamau_wa_Springi
Hazivimbi, na hudumu. Ila kwa gari la mizigo na barabara ya vumbi mimi siziweki mbele. Zinapeleka kila kokoto kwenye chasi, na zikikosa grisi yake maalumu zinalia kama mlango wa zizi. Mpira mzuri ukifungwa matairi yakiwa chini unatosha. Nyuma, kwa anayebeba tofali kila siku, sibishani naye.

Fundi_Ekseli
Nakubali. Yubolti pia: mpya, usirudishe za zamani. Zimeshavutika na uzi wake hauaminiki tena. Kaza kwa msalaba, Nm 120 hivi, ncha zote zitokeze sawa chini ya sahani.

Mtu_wa_Sikonge
Alaimenti nafanyia wapi? Huku mashine hakuna.

Rodi_Ndefu
LN106 unarekebisha kitu kimoja tu kwa tairodi: matairi kuingia ndani. Simamisha gari sehemu tambarare, usukani umenyooka, lisukume mbele mita mbili ili lijikalie. Piga mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele kwa kulizungusha likiwa juu. Shusha. Pima kutoka mstari mpaka mstari upande wa mbele, kimo cha habu, halafu nyuma kimo kilekile. Mbele iwe fupi kwa milimita 1 mpaka 3. Legeza klampu za tairodi, zungusha rodi, pima tena. Ukifunga klampu, hakikisha inabana bomba sawasawa.

Kasta, yaani mwinamo wa nako kuelekea mbele au nyuma, haina bolti ya kurekebishia. Kama springi zimelala au zimeongezwa majani, usukani utakuwa mwepesi na hautarudi hata kingpini zikiwa mpya. Kwa hilo kuna kabari za chuma kati ya springi na kiti cha ekseli. Kwenye LN106 ekseli inakaa juu ya springi, kwa hiyo upande mnene wa kabari unaangalia mbele. Digrii 2 zinatosha. Ukizidisha, difu linainama na jointi ya propela inalalamika. Utahitaji senta bolti ndefu zaidi. Lakini funga kingpini kwanza, ujaribu gari, ndipo ufikirie kabari.

Dada_Beringi
Kabari za chuma, si za alumini. Za alumini zinapondeka, yubolti zinalegea bila wewe kujua.

Mtu_wa_Sikonge
Nimeelewa. La mwisho: baada ya kufunga, niangalie nini? Na ile shokapu ya stelingi niinunue au nisiinunue?

Fundi_Ekseli
Baada ya kilomita 50, simama, gusa habu zote mbili kwa kiganja. Ya uvuguvugu ni sawa. Isiyoshikika imekazwa mno, rudia kipimo. Baada ya 500, kaza yubolti na nati za am ya nako, kisha rudia lile jaribio la breki. Angalia kiwango cha oili ya difu: kikishuka na hakuna kitu chini, inaingia kwenye nako, oilsili ilikatika wakati wa kuingiza shafti.

Shokapu ya stelingi ifungue ncha moja, ivute na kuisukuma kwa mkono. Ikipinga sawasawa kwenda na kurudi bila kuruka hatua yoyote, na haivuji, irudishe. Hela yake nunulia yubolti.